Aliyeshika Nguzo ya Dhaifallah

Miji hufa kwa vita, kwa tauni, au kwa kisima kukauka. Ndivyo walivyotuambia wazee, nao hawakusema uongo, ila hawakuuona mji wa Dhaifallah. Mji ule ulishikwa na ugonjwa maji yakiwa tele na hakuna aliyekohoa, na hadi leo sijui niuiteje: mgonjwa, au maiti anayepumua.

Dhaifallah ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ni fundi wa pancha hapa Mafraq, ubavuni mwa barabara iendayo Baghdad. Barabara ile ina misumari mingi kuliko nyota. Dereva mmoja wa lori alisimama kwake akafungua matairi yote, yote yana matundu, na alipoangalia vizuri akakuta hata usukani umepata pancha. Msinibishie, nilikuwepo. Na upepo wa huku ukiamka vibaya humhamisha mbuzi toka upande huu wa barabara hadi ule bila kumwamsha. Katika upepo huo na misumari hiyo mtoto wetu amejitafutia riziki tangu ujana. Siku moja jeki ilimteleza, gari likamkalia mguu, na tangu hapo hutembea kama mtu anayekwepa mashimo ambayo wengine hawayaoni.

Lakini kilichomuuma kuliko mguu ni mahali anapokaa. Kwenye baraza la ukoo wakubwa hukaa juu, karibu na birika la kahawa, na wanyonge hukaa mlangoni, kwenye viatu. Dhaifallah alikaa kwenye viatu ndevu hazijaota, akakaa kwenye viatu zikaota, na sasa zimeingia mvi, viatu ni vilevile. Siku aliyojaribu kusema neno juu ya ugomvi wa mipaka, binamu yake alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima zote, akamwambia, "Maneno mazito hayo, Dhaifallah. Sasa hebu nisogezee hicho kiatu changu cha kushoto." Baraza zima likacheka. Naye akakisogeza.

Sasa sikilizeni mtu huyohuyo alivyopata kuwa sheikh.

Duka la intaneti la mtaani kwetu lilipofungwa, kompyuta moja kuukuu iliangukia kwake, akaiweka nyuma ya mashine ya kujazia upepo. Ndani yake mlikuwa na gemu. Si lile la mtu kucheza peke yake kama mwehu anayejifinya na kujicheka. Hili ni la maelfu ya watu, mmoja yuko Basra, mwingine Oran, mwingine Tanta, na wote wanakutana ndani ya bonde moja. Wanawinda, wanajenga, wanapigana na majitu, wanasemezana kwa maikrofoni kama majirani wanaotenganishwa na ukuta wa udongo. Wenye gemu ni watu wa mbali ambao hatuwajui hata kwa kivuli. Walitufungulia dunia hiyo watu wa lugha yetu, sisi tukaiita Bonde.

Mgeni wa Bonde huzaliwa kando ya kisima akiwa na shati na fimbo, basi. Na kando ya kisima kuna mbwamwitu. Anazaliwa, analiwa. Anazaliwa tena, analiwa tena. Wakongwe wanapita juu ya farasi, wanamcheka. Mwishowe anazima kompyuta yake, na Bonde halimwoni tena maisha yake yote.

Dhaifallah alipoliona hilo aliniita, nami nilikuwa mlangoni kwake nachagua mawe kwenye dengu.

"Mamkubwa, njoo uone aibu hii. Wageni wanaliwa mlangoni kwa watu!"

"Na watu wenyewe wako wapi?"

"Wanacheka."

"Basi hao si watu. Jenga hema."

Mimi nilisema kwa mzaha. Yeye akajenga. Aliwinda ngozi mpaka zikatosha, akasimamisha hema jeusi kando ya kisima, na nguzo ndefu katikati, kama lile alilozaliwa babu yake. Mgeni akizaliwa tu, Dhaifallah huyo anatoka kumpokea: "Karibu, karibu, umefika kwenu." Anampa koti, anampa upanga, anamsindikiza mpaka awapite mbwamwitu. Wala hamuulizi yeye nani na anataka nini. Wako watu ambao mgeni wao siku ya tatu humpa jembe. Sisi siku ya tatu ndiyo kwanza tunamuuliza jina.

Mimi kusoma sijui, ila mdomo nilipewa wa watu wawili. Kila alasiri, malori yakishapungua, nilikaa pale juu ya tairi na hedifoni juu ya ushungi, kazi yangu kuwatuliza waliozaliwa leo, nao wakiniita Hajati, kama aitwavyo kila bibi mzee kwetu.

"Hajati," aliniuliza kijana mmoja wa Oran, sauti inamtetemeka, "huyu mbwamwitu mkubwa anauma kweli?"

"Huyu? Huyu alikuja kuniposa. Nikamkataa kwa ajili ya mama yake."

"Mama yake ana nini?"

"Geuka nyuma umuulize."

Alitimua mbio hizo, nadhani alitokea Tunisi. Lakini kesho yake alirudi, na kesho kutwa akaja na kaka zake.

Watu wakaongezeka namna hiyo. Aliyepewa koti alirudi kumvisha mwingine. Hema likawa mahema, mahema yakawa mji. Waligombania ngawira, wakaja kuketi kwa Dhaifallah. Yeye anakata neno, wao wanaondoka wameridhika, au angalau wamechoka. Nilikuwa nikimtazama: mikono myeusi kwa grisi, mguu mbovu umepumzishwa juu ya sanduku la spana, na huko kwao watu wa nchi chungu nzima wamenyamaza, wanangoja yeye aseme. Hakuna aliyemwambia asogeze kiatu.

Mkono wake wa kulia alikuwa Nuzha, mjane wa Karak, mwalimu wa shule, ulimi wa siki. Yeye ndiye aliyeongoza mawindo na vita, akiwagombeza wanaume wazima kana kwamba wameacha madaftari nyumbani. "We Basra! Nimesema kushoto! Kushoto ni ule mkono usiolia nao. Au kwenu mnalia yote miwili?" Walimwogopa, na wasipomsikia siku moja walimtafuta kama mtoto anavyotafuta ziwa.

Ugonjwa wa kwanza ulikuja umevaa nguo ya zawadi. Wenye gemu waliweka kitu wakakiita Lango la Mkato. Zamani, ukitaka kupigana na jitu, ilibidi uwe na wenzako. Unakuja kisimani, unasalimu, unauliza nani yuko tayari, mnangojana, na katika kungojana unajua kwamba huyu mkewe mgonjwa na yule anamtafutia dada yake mchumba. Sasa unabonyeza mahali pamoja, unatupwa vitani na watu usiowajua, mnaua, mnagawana, mnatawanyika. Salamu hakuna, kwaheri hakuna. Ukimtukana mtu hutamwona tena. Basi kwa nini ujinyime?

"Wanasema inaokoa muda," alisema Nuzha.

"Muda wa kufanya nini?" Dhaifallah akauliza.

"Wa kubonyeza tena," nikajibu mimi.

Wakacheka. Lakini tangu siku zile, pale kisimani ukinyamaza kidogo unausikia upepo.

Kisha akaja Jicho la Kunguru.

Hilo ndilo jina alilojipa. Alikuwa na programu ya wizi, inamwonyesha watu nyuma ya kuta na kumwelekezea mshale wenyewe. Angekuwa anawinda majitu nisingefungua mdomo. Yeye aliwinda wageni. Alikaa juu ya jabali la kisima, mtoto wa watu anazaliwa na fimbo yake, bismillahi haijamtoka, mshale wa shingo. Wengine walilia, nilikuwa nawasikia masikioni mwangu. Nuzha aliwashitakia wenye gemu. Wakamjibu kwa maneno yaliyopikwa na mashine, kwamba wanathamini sana maoni yake.

"Wanathamini," alisema Nuzha. "Haya. Sisi tutashughulika."

Akaukusanya mji. Alasiri moja ya Alhamisi walimzunguka Kunguru toka kila upande, nami juu ya tairi langu napiga vigelegele kama niko harusini. Ile programu yake ilimwonyesha wote, naam, lakini kumwona kila adui hakukusaidii kitu kama wote wanakuja kwako. Akakimbia. Akaingia hemani kwa Dhaifallah, akaenda moja kwa moja hadi katikati, akasimama ameigusa nguzo. Hapo kwa mara ya kwanza tukaisikia sauti yake. Kijana, na anahema kwelikweli.

"Nimeshika nguzo yako, Dhaifallah. Uso wako ndio kinga yangu."

Nawaambia, hata mashine ya upepo ilinyamaza.

Maneno yale si ya mchezo. Ni ya jangwani kwetu, ya kale kuliko barabara, na uso wa mtu ndio heshima yake. Mtu akiwa na damu ya watu mkononi akakimbilia hema lako, akashika nguzo, hata kama damu ile ni ya ndugu yako, humtoi. Unasimama mlangoni wewe. Aliyewahi kumtoa mtu aliyeshika nguzo, wajukuu zake huulizwa habari hiyo wanapokwenda kuposa.

"Dhaifallah, sogea tummalize," Nuzha alisema toka nje.

"Ameshika nguzo, Mwalimu."

"Nguzo gani? Si picha hiyo!"

"Na wewe huo uliokuja nao mkononi, si picha ya upanga?"

Nuzha akaushusha upanga wake, jambo ambalo halitokei hata mwaka wa mvua nyingi.

Dhaifallah akaenda kusimama mlangoni mwa hema. Na huku dukani nilimwona kwenye kiti chake amenyooka mwili wote, hadi mguu mbovu. Mkubwa wa watu hujulikana siku anapoombwa hifadhi, na huyu maisha yake yote hakuna aliyewahi kumshika hata upindo wa shati. Leo ameshikwa nguzo mbele ya halaiki. Ningemwambia nini mimi?

Basi ikafanywa kama tunavyofanya. Kunguru akasimama mbele ya watu, akakiri, akarudisha makoti na panga za wageni, akasema, "Nimekosa, wazee wangu," kwa sauti ya kuyeyusha samli. Watu wakauliza mdhamini wake nani. Mdhamini huwa mjomba wa mtu, au jirani yake, au mkubwa wa ukoo wake. Huyu hakuna aliyejua hata anatoka mji gani.

"Mimi," akasema Dhaifallah. "Akivunja neno, aibu ni yangu."

Hakikupita kitambo, wageni wakaanza tena kuanguka kisimani. Wakamfukuza, akashika nguzo. Wakamsamehe, akarudia. Akazoea. Mwisho hakuhangaika tena na jabali wala kukimbia. Alikaa palepale mlangoni mwa hema la Dhaifallah akilenga wageni kutoka ndani, mgongo kwenye nguzo, kama mtu anayekula karanga kivulini.

"Mtoe!" walimwambia.

"Namtoaje mtu aliyeshika nguzo?"

"Mkanye basi!"

"Nimemkanya. Ameniahidi."

Nuzha alikuwa wa kwanza kuondoka mchana kweupe. "Dhaifallah, hema lako limekuwa ala ya kisu cha mwizi," akasema. "Mimi si wa kukaa ndani ya ala." Akaenda, na wawindaji wake wakamfuata.

Wengine hawakuondoka kwa kelele. Kelele ni dawa. Anayepiga kelele bado anaitaka nyumba. Hawa waliondoka kwa adabu. Kesho, inshallah. Nina mtihani. Mke kajifungua. Yule wa Oran mke wake alijifungua mara tatu mwaka ule. Unasema "karibu tena," unangoja, na siku moja unatambua kwamba unangoja watu ambao wameshasahau kama waliaga.

Waliobaki nao wakachacha. Mgeni akiuliza njia, mkongwe anamjibu, "Hujui hata hilo? Rudi kwa mama yako ukanyonye." Makoti hayakugawiwa. Mbwamwitu wakanenepa. Nilimwona mmoja ana kitambi, haki ya Mungu, hawezi tena kukimbia, anangoja wageni wamjie wenyewe. Na wakamjia.

Ndipo wenye gemu wakatangaza: dunia zenye watu wachache zitafungwa baada ya Idi kubwa. Watakaokuwa wamebaki watahamishiwa dunia moja kubwa ya watu wa lugha nyingine, mahali ambapo hakuna kisima wala hema, kuna Lango la Mkato na soko. Dhaifallah alisomewa habari hiyo na dereva wa lori, maana yeye mwenyewe aliisoma mara ya kwanza akadhani amekosea. Jioni ile sikumwona akitia tonge kinywani.

"Mamkubwa, wakilifunga Bonde mimi nitakaa wapi?"

"Utakaa hapa dukani. Kwani hapa jehanamu?"

"Hapa nafanya kazi. Nakuuliza nitakaa wapi."

Nikamwelewa. Nikamwambia, "Washa pikapu. Twende Karak."

Kwa desturi, ukitaka kumrudisha aliyekasirika, humtumii ujumbe. Unamwendea mlangoni na mkubwa wa kwenu. Mkubwa wa kwetu nilikuwa mimi, kwa kuwa hatukumwambia mwingine. Nuzha alitufungulia mlango akatukodolea macho, hajui sisi ni nani, mpaka nilipofungua mdomo.

"Ndiyo nyinyi? Hajati, nilidhani we mrefu!"

"Nilikuwa mrefu. Upepo wa Mafraq umenichonga."

Akatuketisha juu, si mlangoni, akamimina kahawa. Dhaifallah akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake. Nuzha akakitazama. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake: mwenye haja hanywi kahawa ya mwenye nyumba mpaka akubaliwe, na kahawa ikipoa bila kunywewa, aibu inamrudia aliyeimimina.

"Kunywa," alisema.

"Sinywi, Mwalimu. Nina haja."

"Najua haja yako. Unataka nirudi."

"Urudi, na watu wako. Wakituona wengi hawatafunga."

"Nirudi nikae na yule?"

"Mgeni wangu yule."

"Siyo mgeni!" Akapiga goti lake kwa kofi hadi vikombe vikaruka. "Nisikilize, Dhaifallah, na nakuheshimu. Anayeshika nguzo huja na uso. Watu wanamjua mtoto wa nani, akivunja neno wanajua waende mlango gani. Yule kakupa nini? Jina la ndege! Umemdhamini mtu ambaye ukigongana naye sokoni utamwomba radhi wewe."

Dhaifallah alitazama kikombe.

"Basi nami nina haja yangu," Nuzha akasema, sauti imeshuka. "Mlete na uso wake, na jina la baba yake. Au mtoe. Ukifanya moja, narudi na kila nitakayemwokota. Haya, kunywa, inapoa."

Akanywa. Kwa hiyo walikuwa wamefungana kwa ahadi, wote wawili.

Kesho yake alasiri Kunguru alikuwa pale pale, mgongo kwenye nguzo. Dhaifallah akavaa hedifoni, mimi nikavaa za pili.

"Mwanangu," akamwambia taratibu, "umekaa chini ya uso wangu muda mrefu, wala sikusimangi. Sasa njoo Mafraq. Uliza fundi pancha mwenye kuchechemea, barabara ya Baghdad, hata mbuzi watakuelekeza. Nitakuchinjia. Kama huwezi kuja, niambie uliko, nije mimi. Niambie tu we wa nani."

Kunguru akatoa kicheko, si kikali, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya.

"Mzee, kumbe unayaamini haya?"

"Wewe uliyasema kwa kinywa chako."

"Niliyasikia kwako! Si ulikuwa unawasimulia wageni kila siku, mambo ya nguzo, mambo ya uso? Niliona unavyopenda kuombwa. Nikakuomba."

Lori lilipita nje, kuta zikatetemeka.

"Basi achia nguzo yangu."

"Sijashika kitu, mzee. Ni gemu." Akamtia mshale mgeni mmoja aliyekuwa ndio kwanza anazaliwa, akatoweka.

Aliyemsaliti mdhamini wake, kwetu hutundikiwa bendera nyeusi mbele ya watu, jina lake likatajwa na la baba yake, asitie mguu tena kwenye baraza la waungwana. Dhaifallah akashona bendera hiyo ndani ya gemu, nyeusi kuliko hema. Nikajua ataitundika, nikangoja kusikia ataita jina gani. Akapanda juu ya jabali la kisima, akafungua maikrofoni kwa mji mzima, au kwa hao kidogo waliosalia.

"Bendera hii ni ya Dhaifallah, fundi wa pancha wa Mafraq. Nilimdhamini mtu asiye na uso, nikawaacha wageni wangu wakauawa mlangoni kwangu. Uso mweusi ni wangu."

"Umerukwa na akili?" nilimvuta mkono. "Unajipaka masizi mwenyewe mbele ya watu!"

"Lazima awepo mtu anayejulikana wa kulaumiwa, Mamkubwa. Wakikosa huyo, wanalaumu mahali."

Aliyetundikiwa bendera haketi juu. Nuzha alipokuja, na alikuja na watu kama alivyoahidi, alimsihi arudi mahali pake. Akakataa. Yeye Nuzha ndiye anayekaa karibu na birika sasa, na Dhaifallah anakaa mlangoni mwa hema lake mwenyewe. Nilimwambia, "Umetoka huku kwenye viatu, umekwenda kujitafutia viatu vingine." Hakucheka.

Sheria mpya wakaitunga pamoja: hakuna koti, hakuna upanga, hakuna kuingia hemani, mpaka mtu aseme ni nani, mtoto wa nani, na nani anamjua. Na kwa kuwa Dhaifallah ndiye aliyeko mlangoni, yeye ndiye anayeuliza. Kunguru alijaribu kurudi kwa majina mengine, leo kipanga, kesho njiwa, akaulizwa, akaondoka. Mara nyingine tulimjua kwa kicheko. Mara nyingine tulidhani tumemjua.

Idi ikaja, ikapita. Wenye gemu wakasema wanatupa mpaka baridi iishe, watazame. Basra walirudi, Tanta baadhi yao. Oran hawakurudi, nafikiri mke anajifungua. Kisimani kuna watu, ukihesabu kwa huruma.

Jana alasiri tulikuwa wawili, mimi juu ya tairi, yeye kwenye kiti, birika jikoni. Mgeni akazaliwa. Shati na fimbo. Akatazama kushoto na kulia kama wanavyotazama wote, akaliona hema, akaja.

"Salamu alekumu?" Sauti ndogo, ya kike au ya mtoto wa kiume ambaye sauti yake haijavunjika.

"Alekumu salamu. Simama hapohapo. We nani?"

"Mimi? Mimi nimefika sasa hivi."

"Mtoto wa nani?"

"Kwa nini?"

"Nani anakujua humu ndani?"

"Hakuna. Ndiyo naanza. Kuna mbwamwitu huku nyuma yangu, naomba niingie tu..."

"Nenda ulete mtu anayekujua, kisha utaingia."

Mgeni akaliwa. Akazaliwa tena kando ya kisima. Safari hii hakuja. Alisimama akilitazama hema, na bendera nyeusi inapepea juu yake, kisha akafutika kama anavyofutika mtu aliyezima kompyuta.

Dhaifallah akavua hedifoni, akaziweka juu ya meza taratibu sana.

"Mamkubwa, yule alikuwa yeye, au alikuwa mgeni?"

Mimi niliyeposwa na mbwamwitu, mimi niliyeona usukani ukipata pancha, nilitafuta uongo wa kumpa mtoto wa mdogo wangu, mkubwa au mdogo, wowote. Sikuupata. Nikainuka, nikammiminia kahawa.

Akakipokea kikombe, akakiweka chini kando ya tairi kama alivyofanya kule Karak, hakunywa.